Jibu: saa gani ya kuteleza kwenye barafu inafaa mtu mkubwa?

Yaya, umeuliza, kwa miaka 41 na safari zako za biashara za Johannesburg, utapata wapi saa ya kuteleza bila kugongwa na batoto. Kwanza usiende Jumamosi mchana, hapana kabisa, ni sherehe za batoto tupu. Nenda katikati ya posho (juma), asubuhi, batoto wako masomoni, na kiwanja cha barafu cha pale Kempton Park, karibu na eropoti, utafika mbio. Ila piga simu mbele, uliza seansi ya patinaji ya figira (ile ya kuzunguka na kuruka kwa ufundi), si ya watu wote, juu kwa ile ya watu wote kuzunguka na kuruka mara nyingi banakataza. Uliza tena mashine ya kulainisha barafu inapita saa ngapi, ingia mara maji yake yakisha kuganda, barafu ingali laini, utasikia kisu cha kiatu kinakata vizuri hata ukigeuka nyuma. Usiingie nyuma ya watu wa hoki, banaacha mashimo tu, na barafu yao ni ngumu zaidi, karibu digrii -6, ya figira karibu -4. Huku kwetu Lubumbashi mi nafanyaka na patini ya magurudumu kwenye simenti, magoti hayasahau.