Kabla hujasaini karatasi za tiba ya seli za CAR-T

Wazazi wenzangu mnaoniuliza habari za "ile tiba ya lupasi ya Ujerumani", yaani CAR-T kwa ugonjwa huu ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, nianze na pesa, maana hapo ndipo matapeli wanapopenyea. Tunaishi huku Ujerumani, lupasi imemshika binti yangu figo, na daktari wake ndiye aliyetuletea hoja ya kumwingiza kwenye jaribio la tiba hiyo. Tiba yenyewe hatukutakiwa kuilipia. Ukiletewa ankara ya maelfu ya dola kwa "seli shina" zinazoponya kila kitu, kisukari mpaka pumu, huyo ni mchuuzi. Mkimbie.

CAR-T ilianzia kwenye saratani ya damu. Marekani iliidhinisha ya kwanza mwaka 2017, kwa watoto na vijana. Mwaka 2021 timu ya daktari Georg Schett kule Erlangen, Ujerumani, ikamtibu msichana wa miaka 20 mwenye lupasi kali. Huchuja seli T, yaani seli za kinga, kwenye damu ya mgonjwa, huzibadili maabara ziwinde seli B, ambazo ndizo chimbuko la kingamwili zinazoushambulia mwili, kisha huzirudisha kwa dripu. Ripoti yao ya 2024 ilihusu wagonjwa 15 wa lupasi na magonjwa mengine ya aina hiyo, na wote waliacha dawa za kushusha kinga. Watoto wamekwisha kutibiwa pia, Erlangen na hospitali ya Bambino Gesù ya Roma, lakini bado ni wachache mno.

Sasa uliza yale ambayo magazeti huyaruka. Kabla ya dripu mtoto hupewa kemo, fludarabini na siklofosfamidi, na hiyo ya pili inaweza kuharibu uzazi. Suala la kuhifadhi mayai liulizwe mapema, hata kama mtoto atanuna (wangu alinuna). Homa kali huweza kuja siku za mwanzo, wengine huchanganyikiwa. Kisha mtoto huishi miezi kadhaa bila seli B: chanjo zipi zitarudiwa? Akipata homa usiku, unampigia nani? Mimi niliomba jina na namba ya simu, si kijitabu.

Mtoto naye aulizwe, bila mzazi kumjibia. Wangu alitaka kujua habari za nywele kwanza, na daktari alimjibu kwa kirefu kuliko alivyonijibu mimi kuhusu figo.

Tumeamua kusubiri. Protini kwenye mkojo, ambayo ni dalili ya figo kuumia, inashuka kwa maikofenolati, dawa ya kushusha kinga, na majaribio mengi huchukua watoto ambao dawa za kawaida zimewashinda. Nanyi msimwachishe mtoto prednisoloni, ile dawa ya steroidi, ghafla kwa kuitarajia CAR-T, ni hatari.