Kikombe cha Kidushi kijazwe kiasi gani?

SWALI: Nimealikwa Ijumaa jioni kwa familia ya Kiyahudi. Kikombe chao cha fedha cha Kidushi, yaani baraka ya kuitakasa Sabato juu ya divai, hujazwa hadi ukingoni. Kwa nini? Na je, fedha ni sharti?

JIBU: Fedha si sharti, ni heshima kwa Sabato, na glasi safi inatosha. Sharti ni ujazo: angalau rivii moja, kipimo cha kale cha Kiyahudi ambacho wengi hukihesabu mililita 86, wengine 150. Hujazwa pomoni kama ishara ya baraka timilifu. Kikombe kiwe kizima, kimesuuzwa. Msomaji hukishika kwa mkono wa kulia, juu kidogo ya meza, akasoma baraka ya divai, kisha ya kuitakasa siku. Lazima anywe zaidi ya nusu ya rivii. Kuonja tu hakutoshi. Divai ambayo mtu ameshainywa kidogo kabla ya baraka ina kasoro, ila huongezwa nyingine kidogo ikafaa. Juisi ya zabibu pia inakubalika.

Tafadhali, divai isilale kikombeni! Asidi yake huacha madoa. Kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kikaushwe papo hapo. Ndani kukiwa kumepakwa dhahabu, kusisuguliwe: tabaka hilo ni jembamba mno.