Kanda za kukodi Ngamiani: hizo namba na vikaratasi maana yake nini

Ndugu uliyekuta kanda za video kwenye sanduku la bibi yako Makorora, zina namba za kalamu nyekundu na ndani ya kava kuna kikaratasi "nyumba ya mkunazi": hizo ni kanda za kukodi. Umeuliza maduka yale yaliendeshwaje bila vitambulisho, na kama kanda zenyewe bado zinaweza kuonyesha. Nakujibu yote mawili, maana Ami yangu alikuwa na duka la namna hiyo Ngamiani, hapa Tanga mjini, karibu na barabara ya 12, miaka ya 1990, na mimi nikitoka shule nilikuwa pale mpaka isha.

Kumbuka kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Deki, yaani mashine za kuchezea kanda, zilianza kuingia kwa wingi katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa na Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi, akashika nchi. Kwa hiyo nyumba nyingi zilinunua runinga kwa ajili ya deki.

Sasa hicho kikaratasi. Ami alikuwa na kaunta buku moja nene, na humo haandiki jina lako la shule, anaandika nyumba. Nyumba ya mkunazi, kwa fundi baiskeli, kwa mwenye cherehani. Mgeni wa mtaa haazimi mpaka aje na mwenyeji wake, na anayeandikwa ni yule mwenyeji. Kanda ikichelewa hakuna faini. Nilikuwa natumwa mimi.

"Shikamoo bibi. Ami anakusalimu, anauliza kanda mmeshamaliza?"

"Marahaba mwanangu. Mwambie wa nyumba ya pili hawajaiona, kesho asubuhi ataipata. Subiri nikupe kitumbua."

Na kesho asubuhi kweli inaletwa. Ami alijua fika kwamba kanda moja inazunguka nyumba tatu kwa malipo ya nyumba moja, na hakuwahi kulalamika, kwa sababu kanda ikipotea au ikiharibika ni nyumba tatu zinazochanga kuilipa. Mimi mpaka leo naona ule ulikuwa uendeshaji wa biashara wa akili sana, kuliko fomu na dhamana tunazojaziwa sasa.

Namba nyekundu ni picha za Kihindi, na ndizo zilizolisha duka. Kina mama walizikodi mchana wakakaa ukumbini na kazi zao za mikono, Kihindi hawakijui lakini kisa wanakifuata chote. Tatizo kanda nyingi zilikuwa za E-180, yaani saa tatu tu, karibu sawa na urefu wa picha yenyewe, na aliyenakili akichelewa kidogo kubonyeza au akiacha matangazo, mwisho wa picha haumo. Ami alikuwa anasema mapema: hii imekatika, ukimaliza pita nikusimulie. Walikuwa wanapita kweli, na anasimulia mpaka stelingi anapomkuta mama yake. Mwezi wa Ramadhani picha zinapumzishwa, zinatoka kanda za mihadhara ya Ahmed Deedat baada ya tarawehe.

Mzigo wenyewe ulitoka Mombasa kupitia Horohoro, au kwa ndugu walioko Uarabuni. Nyingi zilikuwa nakala ya nakala, ndiyo maana ukiziweka utaona rangi imemwagika nje ya mistari na chenga zimejaa. Kanda iliyotoka Marekani hatukuichukua, mfumo wao wa picha, NTSC, kwenye deki zetu za mfumo wa PAL ulitoa picha inayokimbia au isiyo na rangi.

Ila adui mkubwa alikuwa hewa ya Tanga. Bahari iko pale, masika yakianza kila kitu kinapata ukungu, na kanda inaota unga mweupe kwenye kingo za utepe. Kanda moja ya namna hiyo ikipita kwenye deki inachafua hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe, na hedi inaambukiza kanda zote zinazofuata. Kwa hiyo Ami hakupokea kanda bila kuiinua kwenye mwanga na kuchungulia kidirisha chake. Hedi alisafisha mwenyewe, na pamba hakuitaka kabisa kwa sababu nyuzi zake hunasa. Alichana karatasi safi ya daftari, akailowesha spiriti, akaigusisha kwenye ngoma ya deki, ile inayozunguka na kubeba hedi, na kuishikilia hapo hapo bila kuisogeza, kisha akaizungusha ngoma taratibu kwa kidole cha mkono wa pili. Ukisugua juu na chini hedi inavunjika.

Umeme ukikatika usiku, asubuhi watu wanakuja na deki nzima imefungwa kwenye kanga, kanda imekwama ndani. Kuitoa ilikuwa bila malipo kwa wateja wote.

CD zilipoingia, duka halikuchukua muda. Ami aligawa kanda kwa majirani, na huenda za bibi yako zimefika hivyo.

Sasa za kwako, tafadhali usizitumbukize kwenye deki yoyote kwanza. Chungulia kidirisha, ukiona unga mweupe itenge kando na nzima. Zilizo safi zizungushe mpaka mwisho na kuzirudisha mwanzo mara moja kabla ya kuzicheza, utepe uliokaa miaka hushikana. Angalia pia mgongoni: kama kile kipande kidogo cha plastiki kimevunjwa halafu pakabandikwa selotepu, mtu alirekodi kitu kingine juu ya picha, na mara nyingi ni harusi au maulidi ya nyumbani. Hizo ndizo uanze nazo kuhamishia kwenye kompyuta, picha ya Kihindi utaipata popote. Na usichelewe, Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki hizi, iliacha Julai 2016, kwa hiyo zilizobaki ni za kukarabati tu. Ukikuta kanda ya nyumba ya mkunazi ina harusi, niandikie, wenyewe nawafahamu na watafurahi mno kuiona.