Angalia mate kabla hujapuliza hewa: kwa mnaoanza kutibu meno ya watoto

Wadogo zangu mnaoripoti kliniki mwezi huu karibuni sana. Najua chuo wameshawajaza bakteria na sukari kichwani, mkiona mtoto ana shimo kwenye gego mkono unaenda wenyewe kwenye drili. Na mi ndo nilivyokuwa, sa ngoja niwahadithie kuhusu meno yanayolika kwa asidi na mate yanayoyalinda.

Nikiwa bado mgeni kazini, kliniki moja hapa Tanga, bibi mmoja akamleta mjukuu wake wa miaka minne. Magego ya chini yana vishimo kama vya ubao wa bao, vya duara, vina kina kifupi, vinang'aa. Nikapuliza hewa, nikakausha, nikaandika meno yameoza, nikaziba manne kwa kompositi, kile kijazio cha rangi ya jino, halafu nikamsomea bibi somo refu la pipi na soda, yeye anaitikia tu "haya mwanangu, haya". Baada ya miezi saba wamerudi. Vijazio vyangu vizima kabisa, ila vimesimama juu kama visiwa maji yakipwa, jino ndo limeshuka pembeni yake. Nilitamani niingie kwenye kabati la vifaa nijifungie. Maana kompositi hailiki na asidi kama jino linavyolika, kwa hiyo ikibaki imechomoza hivyo ujue jino limekuwa likiyeyuka muda wote huo na wewe ulikuwa unatibu ugonjwa mwingine.

Meno kuoza ni kazi ya bakteria, wanakula sukari wanatoa asidi. Huku kulika asidi imeingia yenyewe kwa kinywaji au imepanda kutoka tumboni, bakteria hahusiki. Na ndo maana inadanganya, jino limeoza utaliona kahawia, laini, limeshika uchafu, hili la kulika ni safi mno, nyororo machoni kama limepigwa msasa. Mama anakuja anajisifu mwanawe ana meno yanang'aa!

Siku hiyo nikaacha vifaa, nikavuta stuli nikakaa. Nikamwambia bibi nisamehe, tuanze upya, huyu anakunywa nini kuanzia asubuhi mpaka analala. Akaniangalia hivi, "Mjukuu wangu hanywi soda daktari, mimi namtengenezea ukwaju mwenyewe, namuwekea kwenye chupa yake ya chuchu alale nayo." Haya. Ukwaju ule uchachu wake unacheza kwenye pH 3 hivi (hicho ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi), soda ya kola 2.5, na enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, inaanza kupoteza madini ikishuka chini ya 5.5 au hapo karibu. Ukwaju, embe bichi la chumvi, mabungo, ubuyu wa kumung'unya, asidi haijali kama kitu ni cha dukani au cha mtini kwenu. Na enameli ya meno ya utoto ni nyembamba, karibu nusu ya ile ya meno ya ukubwani, kwa hiyo hakuna akiba ya kuchezea.

Lakini swali lililonisumbua ni hili, mbona watoto wengi huku wanakunywa ukwaju na meno yao hayako hivi? Hapo ndo mate yanapoingia, na hapo ndo chuo nilisinzia. Mate yanaisafisha asidi, yana baikaboneti ya kuizima, yana kalisi na fosfeti za kulirudishia jino lilichopoteza, na yanalipaka ngozi nyembamba ya protini inayolikinga. Mtoto akinywa glasi ya juisi na chakula akamaliza, mate yanarekebisha mambo ndani ya dakika kadhaa. Akinyonya kidogo kidogo mchana kutwa mate hayapati nafasi ya kumaliza kazi. Na akilala mate yanakaribia kukauka kabisa, sasa fikiria chupa ya ukwaju saa tano usiku kwenye mdomo ambao mlinzi wake kalala.

Kosa langu la kwanza basi lilikuwa lile bomba la hewa. Ni kweli huwezi kuona jino limelika vizuri bila kulikausha, ila ukipuliza kwanza ushafuta ushahidi wa mate. Anza na mdomo ulivyo. Mate yamejaa chini ya ulimi au kuna povu tu? Kioo kinateleza shavuni au kinanata? Halafu vuta mdomo wa chini, ukaushe taratibu na kitambaa cha shashi, elekeza taa, hesabu. Vinatoka vitone vidogo kama jasho la puani, vikitoka ndani ya dakika moja sawa, ikipita dakika bado pakavu basi mate yake hata akiwa ametulia ni haba. Kwa mtoto mtundu hutapata hesabu nzuri, mwambie mnashindana nani ataona kitone kwanza. Na usipime akiwa ametoka kula, utadanganyika.

Yule mtoto nilimhesabia ikapita dakika na robo. Nikauliza dawa, ikaja Piriton ya maji, ile dawa ya mzio, anapewa kila jioni "alale vizuri", na ile inakausha mate. Nikauliza anakoroma? Anakoroma, mdomo wazi. Barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo niliandika palepale.

Kuhusu dawa muwe makini sana. Mtoto mwenye pumu anaweza kuwa na mate machache kwa ajili ya salbutamol, dawa iliyo kwenye pampu yake, lakini ole wako umwambie mama aache pampu! Asukutue maji baada ya kuvuta, basi. Mkiona meno ya juu ya mbele yamelika upande wa ndani, ule unaotazama ulimi, ulizeni kutapika na kucheua, mpelekeni kwa daktari wa watoto. Kwa alama tumieni BEWE ya 2008, kipimo cha jino limelika kiasi gani, sifuri mpaka 3, ni rahisi, na pigeni picha kwa ruhusa ya mzazi maana macho yanasahau. Mtakaopangiwa Arusha msichanganye na meno ya kahawia ya floridi iliyozidi kwenye maji, hiyo ni habari nyingine.

Ah, na udenda. Mtoto wa miezi minne akitoa udenda mpaka nguo inalowa hana ugonjwa, mate yameongezeka na kumeza bado anajifunza. Waelezeni akina mama kwa upole kabla jirani hajawaambia ni meno ya plastiki, yale yanayodhaniwa kumletea mtoto homa, na mtoto akaenda kung'olewa vichipukizi vya meno.

Bibi sikumkataza ukwaju, angeniona wa ajabu. Tulikubaliana uwe wa chakula cha mchana, kwenye kikombe, anywe amalize, mswaki usubiri kama nusu saa, na usiku baada ya mswaki wa dawa yenye floridi ni maji tu. Piriton ikaachwa, haikuwa na sababu ya kutolewa. Miezi sita baadaye nikaweka picha mbili sambamba kwenye simu, visiwa viko palepale, havijaongezeka urefu. Bibi akafungua kikapu akanitolea chupa ya ukwaju wa baridi, "na wewe ule nao wali, usinyonyenyonye". Nikaunywa kwa mkupuo mmoja mbele yake.