Biblia ya watoto wa miaka 4 na 6

Dada, kwa kuwa unawatafutia wanao wa miaka 4 na 6 Biblia ya watoto, ningekushauri usivutiwe na jalada, bali ufungue kisa cha Yona na cha mamajusi palepale dukani Ngamiani, hapa Tanga, uvilinganishe na Maandiko yenyewe: Yona 1:17 inataja samaki mkubwa, si nyangumi, na Mathayo 2 haisemi kwamba mamajusi walikuwa watatu. Mwandishi aliyekuwa makini hapo huaminika na kwingine. Kisha soma ukurasa mmoja kwa sauti. Sentensi ikikukata pumzi wewe, mdogo atakuwa ameshasinzia. Chagua kitabu kilichoshonwa kwa uzi, kwani gundi pekee huachia upesi kwa unyevu huu wa Tanga. Maandishi madogo yasikutie shaka, maana kwa sasa msomaji ni wewe.