Ziara ya jioni Phnom Penh kwa asiyekula nguruwe

Ndugu, umeuliza kama ziara ya jioni ya chakula cha mtaani na michoro ya ukutani huko Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, inamfaa asiyekula nguruwe. Inamfaa, ila mwambie mwongozaji mapema, maana huko nguruwe anaingia hata kwenye supu. Mwombe akupitishe Mtaa wa 93, eneo la Boeung Kak. Hapo palikuwa na ziwa. Lilianza kufukiwa kwa mchanga mwaka 2008 na familia nyingi zikaondolewa. Leo kuta za vichochoro zimejaa michoro. Msikiti wa Al-Serkal uko jirani, kwa hiyo ulizia vyakula vya Wacham, Waislamu wa Kambodia.

Usikose nom krok. Unga wa mchele na tui unamiminwa kwenye chuma chenye vishimo, juu majani ya kitunguu, halafu unafunikwa. Ukiona tu utasema vitumbua! Ila si vya kunywea chai: unachovya kwenye mchuzi wa samaki waliochachushwa, na harufu yake, we acha tu.

Beba noti ndogo. Dola 1 ya Marekani ni kama riel 4,000 (riel ni pesa ya Kambodia), na dola iliyochanika hata kidogo wanakurudishia.