Tangazo la Lincoln halikuwafikia watumwa wote

Ndugu, umeandika kwamba Rais Lincoln aliwaachia huru watumwa wote wa Marekani tarehe 1 Januari 1863. Sivyo hasa. Tangazo lake la siku hiyo, lililotolewa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, lilihusu maeneo ya Kusini yaliyoasi na kujitenga tu, na likayaacha nje majimbo ya Kentucky, Delaware, Maryland na Missouri, ambayo yaliruhusu utumwa lakini hayakujitenga. Na huko kwenye uasi kwenyewe, kwa sehemu kubwa uhuru ulifika pale tu jeshi la Kaskazini lilipofika. Ndiyo maana, hata baada ya Jenerali Lee wa upande wa waasi kusalimu amri huko Appomattox tarehe 9 Aprili 1865, watumwa wa Texas walisubiri hadi tarehe 19 Juni, Jenerali Granger wa Kaskazini alipotoa amri yake mjini Galveston, amri ambayo (na hili husahaulika) iliwashauri waliokombolewa wabaki walipo na kufanya kazi kwa ujira. Maryland na Missouri yalifuta utumwa yenyewe kabla vita havijaisha, lakini Kentucky na Delaware yaling'ang'ania mpaka Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipoidhinishwa Desemba 1865, nayo yakaacha mwanya mmoja: kazi ya kulazimishwa kama adhabu kwa aliyetiwa hatiani.